Kujaza upya risasi za .308 nyumbani: uanzie wapi, na hatari hasa iko wapi

Swali: Ninaishi Texas na huwinda kulungu kwa bunduki ya bolti ya .308 Winchester. Risasi za dukani zimekuwa ghali, nami nimehifadhi maganda matupu kama 200. Nimenunua presi ya hatua moja na seti ya dai, yaani vile vyuma vya kurudishia ganda umbo na kukazia kichwa. Mke wangu anahofia nitalipua nyumba. Naomba unieleze nianzie wapi, na hatari yenyewe iko wapi.

Jibu: Ndugu yangu, hofu ya shemeji ina msingi, ila ameielekeza mahali pasipo penyewe. Baruti isiyo na moshi ikimwagika mezani na kushika moto huwaka kwa kasi na kwa ukali, lakini hailipuki mpaka ifungiwe ndani ya kitu kigumu. Kitu kigumu hicho ni chemba ya bunduki yako, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, iliyo kama shubiri moja kutoka jicho lako. Kiwango cha juu cha shinikizo la .308 kilichowekwa na SAAMI, chombo cha viwango cha watengenezaji wa silaha Marekani, ni psi 62,000, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 32 hivi. Risasi yako basi hufanya kazi kwa karibu mara elfu mbili ya hapo, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Bunduki nzima hustahimili hilo. Haistahimili baruti iliyozidi, baruti ya aina nyingine, au mtutu ulioziba. Kwa hiyo ajali nyingi za kujaza risasi huanzia mezani kimyakimya, kisha huonekana uwanjani.

Tukubaliane majina kwanza, maana Kiswahili kinatuchanganya: risasi ni ile nzima, risasi ni kichwa kinachoruka, na risasi ni madini pia. Hapa nikisema risasi nina maana ya kitu kizima. Sehemu zake ni nne: ganda la shaba nyeupe, fataki, yaani praima, kile kidonge cha kitakoni kinachopigwa na pini, baruti, na kichwa. Ganda ndilo pekee linalotumika tena. Vipimo vya baruti na vichwa huandikwa kwa greni, ambayo ni uzito wala si idadi ya punje: greni 1 ni gramu 0.0648, na pauni moja ina greni 7,000. Mizani nyingi za umeme zina kitufe cha kubadili gramu na greni, na kitufe hicho huguswa kwa bahati mbaya. Kabla ya kupima chochote, soma kioo kinaonyesha kipimo gani.

Kabla ya kugusa presi, nunua kitabu cha vipimo kilichotolewa na kampuni inayotengeneza vichwa, baruti au vifaa vya kujazia, kama Hornady, Sierra, Lyman, Nosler au Hodgdon. Hodgdon wanazo takwimu zao kwenye tovuti yao pia, bure. Usichukue kipimo kutoka kwa rafiki, video au mtu asiyejulikana mtandaoni. Kwa sababu hiyohiyo mimi nami sitakuandikia hapa idadi ya greni za baruti, hata moja. Kipimo kilichochapwa ni mchanganyiko mmoja kamili: ganda la kampuni fulani, fataki fulani, kichwa fulani, urefu fulani. Ukibadilisha kimoja, unarudi kwenye kipimo cha kuanzia, kile cha chini kabisa kitabuni. Vichwa vya shaba tupu ni mfano mzuri, na wawindaji wengi wanavitumia sasa. Kwa uzito uleule ni virefu kuliko vyenye kiini cha madini ya risasi, hivyo huingia ndani zaidi na kula nafasi ya baruti. Vina kipimo chao peke yake.

Sasa maganda yako 200. Usiyasafishe yote kwa pamoja na kuyatia kwenye presi. Yapange kwanza kwa jina lililopigwa kitakoni. Ya jeshi, yenye alama ya duara na msalaba ndani yake au yaliyoandikwa 7.62, yaweke kando kwa sasa. Mara nyingi kuta zake ni nene zaidi, nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile hutoa shinikizo kubwa zaidi. Tena fataki zake hubanwa kwa ukingo ambao lazima ukatwe kabla ya kuweka mpya. Pita na sumaku: linalonasa ni la chuma, tupa. La alumini nalo tupa. Kisha mulika tochi ndani ya kila ganda utazame chini. Tundu moja katikati ni sawa. Matundu mawili madogo yamekaa pembeni maana yake ni ganda la aina ya Berdan, na pini ya dai yako itavunjika hapo.

Halafu tafuta majeraha. Ufa kwenye shingo, tupa. Kitu cha kutisha zaidi ni mstari unaong'aa kulizunguka ganda karibu na kitako, juu kidogo ya sehemu iliyo nene. Mstari huo huonyesha kwamba shaba imevutwa na kuwa nyembamba upande wa ndani, na risasi inayofuata inaweza kukatika hapo, gesi moto ikarudi nyuma kupitia bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Nyoosha klipu ya karatasi, pinda ncha yake kama ndoano ndogo, iingize na kuikwaruza ukutani kutoka chini kwenda juu. Ikikwama kwenye mfereji karibu na kitako, lipondeponde ganda hilo kwa koleo ili lisirudi kundini. Maganda uliyoyaokota uwanjani bila kujua yamefyatuliwa mara ngapi hayakufai kwa kuanzia.

Kusafisha ni hatua inayopuuzwa kwa kuwa inaonekana ni kazi ya nyumbani tu, nayo ndiyo hatari ya kweli kwa watoto wako. Fataki za kawaida zina kampaundi ya madini ya risasi, na majivu yake hubaki ndani ya ganda na katika vumbi la mashine ya kusugulia. Mashine ya makavu, ile ya kutumia maganda ya jozi au bunzi la mahindi yaliyosagwa, iendeshe nje au kwenye gereji iliyo wazi, ikiwa imefunikwa, na uchekeche ukiwa umevaa barakoa. Ya maji na sabuni haina vumbi, ila maji yake machafu usiyamwage kwenye sinki la jikoni. Usile, usinywe wala usivute sigara mezani pa kazi. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji ya baridi, badilisha shati, ndipo umbebe mtoto. Mama mjamzito asikae karibu na kazi hii kabisa.

Ganda la .308 lina bega, pale linapojibana kuelekea shingo, hivyo lazima lipakwe mafuta maalumu kabla ya kuingia kwenye dai ya kurudisha umbo. Paka utando mwembamba mwilini na kidogo ndani ya shingo. Yakizidi begani, hayana pa kukimbilia na huacha bonde kwenye shaba. Yakikosekana kabisa, ganda hung'ang'ania ndani ya dai, ukivuta mpini ukingo wa kitako unang'oka, na siku yako imeisha. Dai isirudishe bega nyuma kupita kiasi. Kwa bunduki ya bolti, inchi 0.001 hadi 0.002 kutoka pale lilipofikia baada ya kufyatuliwa inatosha. Watu wengi huifunga dai mpaka chini kabisa bila kupima, bega linarudi mno, ganda linanyooka kila likifyatuliwa, na ule mstari unaong'aa unatokea baada ya mara chache tu. Geji ya ganda ni kifaa rahisi, nunua moja: kitako kikikaa kati ya ngazi zake mbili, uko sawa. Futa mafuta yote baadaye. Ganda lenye mafuta halishiki ukuta wa chemba vizuri na huiongezea bolti mzigo.

Kila ukilirudisha umbo, ganda hurefuka. Chukua kalipa upime: urefu wa mwisho wa ganda la .308 ni inchi 2.015, na likivuka hapo hukatwa hadi 2.005. Hili si suala la urembo. Mdomo wa ganda refu hujikita mwanzoni mwa mtutu, unakibana kichwa kisiweze kuachia, na shinikizo linaruka. Baada ya kukata, lainisha kingo za mdomo ndani na nje, kisha futa masizi kwenye kishimo cha fataki.

Fataki ya .308 ni ile kubwa ya raifo. Ile kubwa ya bastola ina kipenyo kilekile lakini ni fupi na kikombe chake ni laini, isichanganywe. Aina ya magnamu, yenye mwako mkali zaidi, itumie pale tu kitabu kinapoitaja. Vaa miwani ya kinga kuanzia hapa hadi mwisho. Fataki ikae chini kidogo ya uso wa kitako, kati ya inchi 0.003 na 0.005, pitisha kidole, usikie kibonde. Iliyochomoza husababisha kutofyatuka, na katika bunduki zinazojipakia zenyewe, zenye pini inayoelea, inaweza kufyatuka bolti inapojifunga. Ikiwa imekaa vibaya na ganda tayari lina baruti, usiisukume. Mwaga baruti, kisha uamue. Fataki zibaki katika trei zake za kiwandani mpaka dakika ya kuzitumia. Zikimiminwa kwenye chupa ya kioo au mkebe, moja ikilipuka huziwasha zote kwa pamoja, na huo ni mlipuko kamili.

Tufike kwenye baruti, na hapa naomba uende polepole.

Mezani liwe kopo moja tu. Mengine yote yawe kabatini, yamefungwa. Soma jina zima kwenye kopo, ulinganishe na kitabu herufi kwa herufi, kwa sababu IMR 4350 na H4350 ni baruti mbili tofauti, na vivyo hivyo IMR 4831 na H4831. Kwa macho huwezi kuzitambua. Usichanganye mabaki ya makopo mawili hata kama yana jina moja. Kikao kikiisha, rudisha baruti yote kutoka kwenye kipimia, chombo cha kumiminia dozi, hadi kopo lake siku hiyohiyo. Ukikuta baruti kwenye kipimia na hukumbuki ni ipi, haina jina tena: itupe. Pauni moja hutosha risasi 150 hivi za .308, kwa hiyo hasara ni ndogo mno ukilinganisha na jicho.

Kwa risasi zako 100 za kwanza, pima kila dozi kwa mizani. Iwe mahali tambarare, mbali na feni na kiyoyozi, maana upepo mdogo huisogeza. Ijaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana mwanzoni, katikati na mwishoni. Ile ya umeme huhama sifuri yake bila kukuambia. Chagua baruti ambayo dozi yake inajaza zaidi ya nusu ya ganda, na kwa .308 ziko nyingi. Ukikosea ukamimina mara mbili, itafurika na utaiona. Hii ndiyo sababu naona .308 ni mwalimu mzuri kuliko bastola ya .38 Special, ambayo ganda lake lilibuniwa enzi za baruti nyeusi na ni kubwa mno kwa dozi za leo. Humo dozi mbili za baruti ya haraka huingia na nafasi ikabaki.

Tumia kibao chenye matundu 50. Maganda yasiyo na baruti yasimame mdomo chini, fataki ikitazama juu. Lililojazwa tu ndilo lisimame mdomo juu. Ukimaliza safu zote, zima simu, chukua tochi, utazame ndani ya kila ganda, moja baada ya jingine, ukilinganisha usawa wa baruti na jirani yake. Unatafuta makosa mawili: lililozidi na lililo tupu. Kichwa kisiwekwe juu ya ganda lolote kabla ya ukaguzi huu. Akiingia mtoto, ikilia kengele ya mlango, au ukipotewa na hesabu, ganda lililo mkononi limwage na upime upya. Usijiulize kama ulikwisha kulijaza.

Anza na kipimo cha kuanzia kilichoandikwa kitabuni. Kama kitabu kinatoa kikomo pekee, punguza asilimia 10. Usishuke chini ya kipimo cha kuanzia ukidhani unajiongezea usalama. Baruti ya polepole ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa huweza kuwaka bila mpangilio na kuleta shinikizo la ajabu, au kichwa kikakwama njiani.

Kukaza kichwa: tengeneza kwanza risasi bubu, isiyo na fataki wala baruti, uifungie dai kwa hiyo. Urefu wa juu kabisa wa risasi nzima ya .308 ni inchi 2.810, lakini fuata urefu ulioandikwa kwa kichwa chako hasa. Kikizama zaidi, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Kikichomoza mpaka kikagusa mifereji ya mtutu, linapanda pia. Risasi bubu ijaribu katika magazini na chemba uwanjani au mahali salama, na uitoboe ubavuni ili isije ikadhaniwa ni nzima. Bunduki ya bolti yenye shingo inayoshika vizuri haihitaji kubanwa mdomo. Ukikosea, ipo nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa. Usitie ndani yake risasi ya .22 wala nyingine yoyote ambayo fataki yake iko ukingoni.

Uwanjani peleka risasi 3 za kila kipimo, kuanzia cha chini, ukipanda kwa nusu greni. Baada ya kila mlio, tazama ganda. Bolti nzito kufunguka, fataki iliyokuwa bapa hadi kujaza kishimo chake, alama ya duara inayong'aa kitakoni: ukiona mojawapo, acha, na risasi zilizobaki za kipimo hicho na vya juu yake zirudi nyumbani kuvunjwa. Lakini dalili hizi huchelewa. Ganda linaweza kuonekana zuri huku shinikizo limekwisha kupita kikomo, kwa hiyo kutokuona dalili si ruhusa ya kuvuka kitabu. Texas kuna jambo jingine: joto hupandisha shinikizo. Kipimo cha juu ulichokijaribu Januari si kilekile Agosti, hasa risasi zikiwa zimelala kwenye dashibodi ya gari. Ziweke kivulini.

Ukivuta kifyatulio ukasikia mlio mdogo na teke hafifu, simama papo hapo. Huenda ganda halikuwa na baruti na fataki imekisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu utapasuka. Toa kila kitu, ondoa bolti, tazama mwanga kupitia mtutu mzima. Na isipolia kabisa, elekeza bunduki kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, kwa sababu fataki mbovu huweza kuwaka ikiwa imechelewa.

Kuhusu kuhifadhi, ambalo ndilo swali halisi la shemeji. Kanuni ya NFPA 495, ya chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, inayofuatwa katika maeneo mengi ya Marekani, huruhusu nyumbani hadi pauni 20 za baruti isiyo na moshi katika makopo yake ya asili; ikizidi hapo hadi 50 itiwe katika sanduku la mbao lenye unene wa inchi 1. Fataki hadi 10,000. Uliza ofisi ya zimamoto ya mji wako na bima yako, maana wapo wanaopunguza idadi hiyo. Kosa la kawaida ni kuifungia baruti ndani ya sefu ya chuma ya bunduki ukidhani umeilinda. Umeitengenezea bomu, kwa kuwa moto ukifika gesi haina pa kutokea. Kabati la mbao lenye kufuli, pakavu, penye ubaridi, mbali na hita ya maji na sabuni za klorini, ndilo mahali pake, na fataki zikae kabati jingine. Baruti iliyomwagika ifagie kwa brashi. Mashine ya umeme ya kufyonza vumbi ina cheche ndani. Fungua makopo yako mara kwa mara unuse. Baruti nzima hunukia kama spiriti. Ikitoa harufu kali ya asidi, au ukiona vumbi jekundu kama kutu, imeoza na inaweza kujiwasha. Iondoe nyumbani mara moja.

Sheria nayo. Kujaza risasi kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho, ila kutengeneza kwa ajili ya kuuza kunahitaji. Wenzetu wengi hawajui kwamba sheria ya shirikisho inahesabu ganda, fataki, kichwa na baruti kuwa ni risasi, hata vikiwa vimetengana. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au kazi, amekatazwa kumiliki vitu hivyo isipokuwa ana msamaha unaotajwa na sheria, mathalani leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hayumo katika katazo hilo. Kama hadhi yako ni ya viza, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kununua kopo la kwanza. Na mabegi ya safari ya nyumbani yasiwe yaleyale ya uwindaji: ganda au risasi moja iliyosahaulika mfukoni inatosha kukuweka mikononi mwa polisi Nairobi au Dar es Salaam, ambako kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Kila boksi unalolijaza libandike karatasi siku hiyohiyo: tarehe, kampuni ya ganda na limejazwa mara ya ngapi, fataki, jina kamili la baruti na namba yake ya loti, greni, kichwa, urefu wa risasi, na bunduki iliyokusudiwa. Loti ikibadilika, rudi chini kidogo upande tena. Boksi lisilo na karatasi livunjwe, hata kama umelijaza wewe mwenyewe, na usimpe rafiki risasi zako wala usikubali kupiga zake. Wikiendi hii jaza kumi tu.